Kinga Begani

Kuna mchezo Wazungu wanaucheza wakati wa baridi, unaitwa saiklokrosi. Watu wanapanda baiskeli, kinga kama tunavyosema sisi, na kuingia nayo kwenye matope makusudi. Si kwamba barabara imeharibika na njia nyingine hakuna. Wameyachagua matope. Wanazunguka kijia cha kilomita tatu hivi kwa muda wa saa moja, na mahali fulani wanawekewa mbao za kimo cha sentimita 40 ili mtu alazimike kushuka, kuibeba kinga begani, kukimbia nayo, halafu kuirukia tena. Mchezo ulianzia Ufaransa. Ubingwa wa kwanza wa nchi ile ulikuwa 1902, na wa dunia ulifanyika Paris 1950. Leo wenye nao ni Wabelgiji na Waholanzi. Wabelgiji, ndiyo, hao hao waliotawala Kongo mpaka 1960 na Burundi mpaka 1962. Kwa vyote walivyotuachia, huu hawakuuacha.

Mimi ni animata wa vijana katika kambi ya Kinama, Gasorwe. Niliona video za mchezo huo mwaka jana, mwezi wa kumi, nikawaonyesha vijana wangu. Mvua, baridi, watu wamejaa udongo mpaka kwenye meno. Kijana mmoja akauliza, "Wanalipwa?" Nikasema ndiyo, wengine vizuri sana. Wakanyamaza wote. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na kuni zake akainama, akaangalia kidogo, akasema, "Huu si mchezo. Hii ni siku ya soko."

Alikuwa na haki. Ukikaa kando ya barabara huku Muyinga siku ya mvua (kwenye ramani mpya ya mikoa mitano tumeingia Buhumuza, lakini watu bado wanasema Muyinga), utawaona wanapita: mikungu ya ndizi mitano juu ya keria, magunia ya makaa, mgonjwa anayepelekwa dispensari, nguruwe amefungwa kichwa chini. Kwenye mteremko wanapanda, kwenye kilima wanashuka na kusukuma, kwenye tope wanabeba. Na tangu petroli ilipoanza kukosekana nchini, kinga imekuwa gari, pikipiki na ambulansi. Hakuna anayepiga makofi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 21 mpaka 28 Septemba 2025, Kigali ilikuwa imepokea ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa katika Afrika. Rwanda ni jirani yetu, lakini mpaka umefungwa tangu Januari 2024, kwa hiyo tuliangalia kama mtu wa Amerika anavyoangalia, kwenye simu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na katika mbio zile za wanaume waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Vijana wangu walifurahi mno kusikia kwamba vilima vimewashinda watu wenye kinga za bei ya nyumba. Kijana mmoja, tumuite Dogo kwa sababu jina lake halisi ndilo litakaloleta shida huko mbele, aliniambia, "Yaya, kama ni vilima tu, sisi pia tuko navyo."

Dogo ana miaka kumi na tisa. Ametoka bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, mahali ambapo kinga inaenda yenyewe kwa sababu nchi ni tambarare kama meza. Vilima alivifundishwa na Burundi. Kinga anayoiendesha si yake, ni ya mama yake: Phoenix nyeusi aliyoinunua kwa zamu yake ya likirimba, baada ya kungoja karibu mwaka mzima. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, ile Phoenix ndiyo ilikuwa baba wa nyumba. Inabeba unga, inabeba mihogo, inabeba watu. Nyumbani ni watu sita. Nawaandikia hili hasa ninyi ndugu zetu mnaofanya kazi katika mashirika, kwa sababu mkiona kijana anachezea kinga kwenye tope mnaweza kufikiri anacheza tu. Anachezea sufuria.

Sasa Buhinyuza. Nilikuwa nimefanya mafunzo ya siku tatu Gitega na vijana wengine wanaofanya kazi kama yangu, na jirani yangu wa kiti akasema anatoka Buhinyuza. Nikamwambia basi kwenu ni karibu, jioni utalala nyumbani. Akacheka sana. Jina hilo lipo upande wa Gitega na lipo Muyinga, na yeye alikuwa wa Muyinga kama mimi. Tukarudi pamoja, na njiani akanieleza wazi wazi kinachosemwa kwao: kwamba vijana wa kambi wanaharibu bei, wanabeba gunia kwa pesa ndogo kuliko mwenyeji anayohitaji ili ale. Nikamwambia na sisi tunachosema: kwamba mkimbizi akipata ajali na mwenyeji, kosa linajulikana kabla ya watu kufika. Hatukugombana. Ni mara chache mtu anakuambia uso kwa uso maneno yanayosemwa nyuma yako, nami nilimheshimu kwa hilo.

Yeye ndiye niliyemtumia video. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: tufanye. Huku kwetu ukisema "kuishi pamoja na wenyeji" utaletewa mpira. Kila mradi ni mpira, jezi, kombe, hotuba. Mpira ni mzuri, lakini ugomvi wetu haukuwa wa mpira, ulikuwa wa kinga. Basi tukasema washindane kwa kitu kile kile wanachogombania.

Kanuni zilijadiliwa kwenye simu wiki nzima. Kila mtu kinga moja, hakuna kubadilisha. Huko Ulaya mwenye mbio ana kinga mbili au tatu na fundi anayemngoja na mpira wa maji wenye presha. Akipita anaacha chafu na kuchukua safi. Sisi hapana. Kinga ziwe za kazi, zenye keria, bila gia. Wao walitaka kila mtu abebe mfuko wa mchanga, ndipo ajulikane mbebaji wa kweli. Sisi tukakataa, na nakiri wazo lao lilikuwa zuri kuliko letu, ila mwenye kinga mbovu angevunja spoki zote kabla ya kufika bondeni. Zawadi: wa kwanza matairi mawili na mipira yake, wa pili jembe, wa tatu mche mzima wa sabuni. Tairi la nyuma la Dogo lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nailoni mahali pawili. Aliposikia matairi aliacha hata kutania.

Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyajua, ingawa nilimwambia mimi ni kiongozi tu, siendeshi. La kwanza, ondoa madigadi, maana udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi, unajaa kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu linasimama. La pili, gurudumu likisimama usisukume. Ukisukuma, tairi inazidi kuviringisha udongo kama mwanamke anavyoviringisha ugali, na kila hatua unaongeza kilo. Shuka, kwangua kwa kijiti, beba. Mtu anayesukuma anajiona anaenda haraka kwa sababu magurudumu bado yako chini. Anadanganyika.

Vijana wanane waliandikishwa, na mimi kama kiongozi. Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi. Anahitaji karatasi ya kutoka, na orodha ya majina ipelekwe mapema. Tulipeleka mapema. Asubuhi ya siku yenyewe, Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja, lori la kukodi lilikuwa limefika, kinga zimepangwa, mvua ya usiku imekatika. Mlinzi akawa anasoma majina na kulinganisha na vitambulisho. Alipofika kwa Dogo akasimama. Kwenye kitambulisho jina lake lina R. Kwenye karatasi iliyorudi kutoka ofisini lina L. Orodha niliyoipeleka, nakala yake nilikuwa nayo mkononi, ilikuwa na R. Nikamwonyesha. Mlinzi akaniangalia kwa huruma, kweli kwa huruma, akasema yeye anasoma karatasi yenye muhuri.

Ofisi zilikuwa zimefungwa mpaka Jumatatu.

Sitaki kuandika mengi juu ya hiyo herufi. Kila mtu anayesoma gazeti letu hili ana herufi yake. Kuna walioikosa mitihani ya serikali kwa sababu ya herufi, kuna faili za kusafiri zilizolala miaka. Dogo hakulia wala kupiga kelele. Alishuka kwenye lori, akaishusha Phoenix, akaanza kuigeuza arudi nyumbani. Ndipo mmoja wa vijana akasema, "Jina la Yaya liko kwenye karatasi."

Mama yake Dogo alikuwepo, alikuja kumsindikiza mwanawe na chupa ya uji. Wote wakaniangalia mimi, halafu wakamwangalia yeye. Nilimsalimia upya, kwa heshima, kama vile ndiyo kwanza tunaonana. Akasema, "Mwanangu akipanda ni sawa, anaijua. Weye ni mtu wa kalamu."

Nikamwambia, "Ni kweli, Mama."

"Ikivunjika?"

Sikuwa na jibu la pesa. Nilikuwa na simu. Nikaitoa, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia akae nayo mpaka kinga irudi, na ikirudi imevunjika, simu ni yake. Aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, fundo mbili. Dogo akapunguza upepo kidogo kwenye tairi la mbele, akakunja kipande cha blanketi akakifunga juu ya bomba la katikati. "Hii ni ya bega," akasema, akaenda bila kungoja lori liondoke.

Uwanja wa shule kule Buhinyuza ulikuwa umejaa. Sijui nani aliwaambia watu wote wale. Kwa upande wa mashariki unaona vilima vinashuka kuelekea mto Ruvubu na mbuga yake, na mawingu yalikuwa yamekaa huko chini kama pamba. Tulikuwa washindani 23, wanane wa kambi na kumi na watano wa vilima vya hapo, kati yao msichana mmoja mwenye suruali ndani ya sketi yake, ambaye nilisikia anapeleka maziwa ya baba yake kila siku kwa kinga. Mzunguko ulikuwa hivi: kutoka uwanjani, kushuka kati ya migomba, kuvuka bonde la mpunga na kijito chenye daraja la magogo matatu, kupanda katikati ya mikaratusi, kurudi uwanjani. Mara tatu.

Firimbi ilipolia mvua ilianza pia, kana kwamba ilikuwa inaingoja.

Mteremko wa kwanza niliumaliza kwa miguu yote miwili chini, navunja mwendo kwa viatu, kwa sababu breki za fimbo zikishalowa ni mapambo. Watu wawili walianguka mbele yangu, mmoja akacheka akiwa chini. Bondeni, kijia kilikuwa juu ya tuta la mpunga, upana wa mikono miwili, na hapo nikaelewa maneno ya Dogo kwa mwili. Nilinyonga hatua kama ishirini, gurudumu la nyuma likaanza kuwa zito, halafu likasimama kabisa kama mtu ameishika. Mbele yangu walikuwa wanne wanasukuma, wameinama, miguu inateleza, wanaburuta kinga ambazo hazizunguki tena. Nikashuka. Kijiti kilikuwa kwenye soksi. Nikakwangua kwenye taya, nikapitisha mkono katikati ya fremu, nikaiinua.

Ile Phoenix ina kilo ishirini na zaidi, na udongo wake juu. Zile za Ulaya zina kilo nane hivi. Nilifikiria hizo kilo kumi na mbili za ziada kwa mzunguko mzima. Lakini nilitembea, na nilipita wawili, na watu waliosimama kando ya kijito wakaanza kupiga kelele, "Komera, Mukongomani! Komera!" Sijui kama wewe msomaji umewahi kuitwa Mukongomani kwa sauti ya namna hiyo. Neno ni lile lile tunaloitwa sokoni bei ikigombaniwa. Siku hiyo halikuwa na meno.

Kwenye magogo mtu mmoja alinipita. Alikuwa mtu mzima kidogo, miaka thelathini na zaidi, mbebaji wa ndizi, shingo nene, kinga yake begani kama mtu aliyebeba koti. Hakukimbia. Alikuwa na mwendo mmoja, ule ule juu ya magogo, ule ule kwenye mpunga, ule ule kilimani. Nilijaribu kumfuata nyuma nikikanyaga anapokanyaga, na kwa mzunguko wa pili wote nilijifunza kwa mgongo wake: anapita pembeni kwenye majani, hakanyagi njia iliyokwisha kanyagwa, anapanda kinga pale tu ambapo atapata angalau mizunguko kumi ya pedali, vinginevyo hashughuliki. Mimi nilikuwa napanda na kushuka kama mtu anayepoteza funguo. Kwenye mikaratusi akaniacha.

Mzunguko wa tatu siukumbuki vizuri. Bega la kulia lilikuwa linawaka licha ya blanketi. Kitu kimoja nakikumbuka. Kwenye mteremko wa mwisho, ukiwa na hofu kidogo tu unaweza kupata nafasi tatu au nne, kwa sababu wengi walikuwa wanashuka wanatembea. Ukiachia, kinga inaenda. Nilisimama juu kabisa na kuangalia chini: mizizi, mawe mawili, na chini kabisa shimo lililojaa maji, sijui kina chake. Katika saiklokrosi ya kweli mtu anaachia, akivunja uma wa mbele anakimbia kuchukua nyingine. Nikaona kile kitenge na fundo zake mbili. Nikashuka, nikatembea polepole, nimeishika breki ambayo haishiki. Msichana wa maziwa akanipita ameketi, miguu hewani, anapiga kelele za furaha, akavuka shimo na kutokea upande wa pili mzima na kinga yake. Alikuwa analijua lile shimo. Ni njia yake ya kila asubuhi.

Nilikuwa wa tisa. Yeye alikuwa wa sita. Mbebaji wa ndizi alikuwa wa kwanza, na alipopewa matairi aliyanusa kwanza, kama mkate. Kijana wetu mmoja alipata sabuni. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alipokwenda Olimpiki ya London 2012 katika mbio za baiskeli za milimani, alimaliza wa 39, na kwao ilikuwa sherehe. Nikawaambia vijana hivyo kwenye lori, wakaniambia ninyamaze, mtu wa kalamu.

Kabla ya kuondoka, yule mbebaji alikuja kuiangalia Phoenix. Hakuniangalia mimi. Aliuliza ni ya nani, nikamweleza habari ya Dogo na herufi, kwa Kiswahili changu na Kirundi kidogo. Akaweka kidole kwenye tairi la nyuma lililoshonwa, akasema aliyeshona anajua kazi. Halafu akauliza Dogo anabeba gunia la unga kwa bei gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema ni ndogo sana, amwambie aongeze, wote waongeze. Hilo ndilo tulilozungumza mpaka lori likapiga honi, na mwenzangu wa Buhinyuza ameandika namba za simu za watu wanne wa kwao na watatu wa kwetu ili maneno ya bei yaendelee. Ripoti ya mradi haina kisanduku cha kujaza jambo kama hilo. Niliandika "washiriki 23, mmoja wa kike".

Tulifika kambini giza limeingia. Mama alikuwa kwenye mlango wake. Alichukua kinga kabla ya kunijibu salamu, akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu la mbele, akasikiliza, akazungusha la nyuma, akasikiliza tena. Akapitisha kidole kwenye taya moja moja. Ndipo akafungua kitenge na kunirudishia simu, ina joto la mwili, ameizima kutwa ili chaji isiishe.

Dogo hakuuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza, "Pale kwenye mpunga, ulisukuma ao ulibeba?"

"Nilibeba."

"Bega gani?"

"La kulia."

"Mizunguko yote mitatu?" Akacheka. "Kesho hautaandika kitu."

Akaichukua kinga na ndoo, akaenda kuiosha, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri alikuwa na mzigo wa mihogo.